Barua kwa Mwanangu: Ushirazi Wetu na Vyombo vya Waajemi

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Umeniuliza kama inafaa kuimaliza Jumamosi yako British Museum ukitazama vitu vya Waajemi, na kama huko utauona huo Ushirazi wetu, yaani kwamba wazee wetu walitoka Shiraz ya Uajemi, anaousema bibi yako kila ikitajwa posa. Nenda. Kuingia ni bure, na London hiyo vya bure ni vingapi?

Anzia juu, chumba namba 52. Utawakuta watu wamejazana kwenye silinda ya Cyrus, mfalme wa Waajemi, udongo uliojaa maandishi, uliofukuliwa Babeli mwaka 1879. Wengine huiita hati ya haki za binadamu. Mimi naiona ni tangazo la mfalme aliyeuteka mji mwaka 539 KK akataka asifiwe. Wewe kaa zaidi kwenye kigari cha dhahabu cha hazina ya Oxus, mto wa Asia ya Kati. Urefu wake haufiki sentimita 20, lakini kina farasi wanne, hatamu za waya wa dhahabu, mwendeshaji kasimama na bwana wake kaketi. Inama utazame ubao wa mbele: wamechora uso wa Bes, mungu wa Wamisri! Waajemi hao walikuwa wakichukua cha kila mtu.

Ila hao si wa kwetu. Dhahabu ya wafalme ina miaka 2,500, na hadithi ya bibi yako haifiki huko. Kwa habari yetu nenda vyumba vya Kiislamu, 42 na 43, ukatazame vyombo vya udongo. Siraf ilikuwa bandari ya Uajemi kwenye Ghuba, na kati ya 1966 na 1973 mwanaakiolojia David Whitehouse aliichimba. Vigae vyake, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vingi viko hapo British Museum. Mitungi ya samawati-kijani iliyouzwa kwenye Ghuba enzi hizo, vipande vyake vimeokotwa Manda, karibu na Lamu, na hapa kwetu Unguja Ukuu. Waulize pia watu wa makumbusho vigae vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani: vya Kichina, vya Ghuba na vya wafinyanzi wetu, vyote kwenye mchanga mmoja.

Na huo Ushirazi? Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Damu ya Uajemi imo, tena si haba, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Lakini imeingia kwa wanaume. Upande wa kina mama karibu wote ni Waafrika wa huku huku. Kwa hiyo bibi yako hasemi uongo, anasema nusu.

Nusu ya pili utamweleza wewe kwa simu. Mimi naishi naye nyumba moja.

Mama yako