Mama amelazwa: dawa za nyumbani aendelee nazo?

Dada, umeuliza kama umpe mama vidonge vyake vya sukari na presha kwa kuwa chati ya wodi haina majina hayo. Tafadhali usimpe kimyakimya. Huenda daktari amezisimamisha makusudi, au anapewa dawa ileile kwa jina jingine la kampuni, na hapo atameza dozi maradufu.

Ninayoiogopa zaidi ni glibenklamaidi, kidonge cha sukari. Hushusha sukari hata mgonjwa asipokula, na figo zikiwa dhaifu hukaa mwilini muda mrefu. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo) anaweza kuanza kutoka jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mwite muuguzi papo hapo. Metformini, kidonge kingine cha sukari, nayo mara nyingi husimamishwa figo zikilegea, au akipigwa picha ya CT kwa dawa ya kudungwa mshipani.

Leo rudi Ahero ukalete pakiti zenyewe, si majina ya kukumbuka tu, pamoja na kitabu cha kliniki. Lete pia diklofenaki ya maumivu na dawa ya mitishamba ya soko la Kibuye; watu husahau kuzitaja, ilhali diklofenaki pamoja na enalapril ya presha yaweza kuumiza figo. Mwonyeshe mfamasia wa wodi: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, alimeza lini mwisho. Mwambie pia kama kuna dawa inayomletea vipele.

Siku ya kuruhusiwa, omba iandikwe ipi inaendelea, ipi imebadilishwa na ipi imeachwa. Zilizoachwa zirudishe famasi, zisibaki kabatini.