Mtoto Ametoa Siri, na Msimamizi ni Mimi

Shangazi, pokea salamu kutoka Kayole, Nairobi. Nimesomea kazi ya ustawi wa jamii, na tangu Januari nimekabidhiwa kitengo cha ushauri katika kituo ambacho watoto hujia wakitoka shule, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili jioni. Tuna ukumbi mmoja wa kanisa, wasaidizi watano wa kujitolea ambao wenyewe ni vijana, na watoto wapatao sitini. Majuzi msichana wa gredi ya nane alimweleza mmoja wa wasaidizi jambo linalomtesa nyumbani, lakini kwanza alimwapisha asimwambie mtu. Yule msaidizi akanyamaza. Nimekuja kujua baada ya kumwona msaidizi huyo hali chakula wala hacheki, nikambana akalia. Hapo hapo mfadhili anataka kila mwezi nimwandikie idadi ya "watoto waliopewa ushauri". Sijui niwe mshauri, mkubwa wa wasaidizi au karani wa ripoti. Nianzie wapi?
Msimamizi, Kayole

Mwanangu, anzia kwa huyo msichana, na uanze leo. Hayo mengine yatangoja.

Hukuniambia ni jambo gani, na umefanya vyema kutoliandika. Lakini kama ni mtu anayemgusa au kumlazimisha, hesabu saa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Asioge. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hufuga unyevu na kuharibu ushahidi. Mpeleke hospitali kwanza, Mama Lucy Kibaki iko karibu nawe, kisha mwende kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, hailipiwi, asikudanganye mtu. Hata kama saa 72 zimepita, nenda vilevile, kwa sababu matibabu mengine na ushahidi mwingine bado upo. Uende naye wewe mwenyewe. Nimeona watoto wengi wakipewa karatasi ya rufaa na kuambiwa "peleka pale", na karatasi ikaishia ndani ya daftari la hesabu.

Kama ni kipigo, njaa au kuachwa peke yake usiku, mlango wako ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mamlaka ambayo mimi na wewe hatuna, hata tukiwa na uchungu kiasi gani. Nambari 116 ya Childline hupigwa bila malipo, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Sasa kile kiapo. Usimgombeze msaidizi wako. Kijana wa miaka ishirini na kitu akishikwa mkono na mtoto anayetetemeka, ataahidi chochote. Mrudishe kwa msichana, muwe watatu, na aseme mwenyewe kwa maneno yake: "Niliahidi kitu ambacho siwezi kukutimizia, kwa sababu nataka uwe salama. Huyu ndiye niliyemwambia. Hakuna mwingine atakayeambiwa kabla hujajua." Msichana huenda akakasirika. Mwache akasirike. Hasira yake mtaivumilia. Mtoto kurudi kila jioni kwenye nyumba ile ile huku watu wazima wawili wanajua na wamenyamaza, hilo halivumiliki.

Kuanzia wiki hii, kila mtoto anayeingia kituoni aambiwe mapema, kabla hajawa na siri ya kutoa: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa ukiwa unaumizwa, ukitaka kujiumiza, au ukitaka kumuumiza mwenzako. Hapo nitamwambia mtu mmoja, na wewe utamjua ni nani." Yarudieni maneno hayo kila muhula unapofunguliwa. Watoto husahau, na wageni huingia kila wakati.

Umeuliza uwe nani. Nitakujibu kama ninavyoamini baada ya kukaa kwenye kazi hii Eastlands, mitaa hii yetu ya mashariki mwa Nairobi, kwa muda mrefu: kazi yako ni kuhakikisha neno la mtoto halimwangukii mtu mmoja. Wewe si mshauri wa watoto sitini, na ukijaribu kuwa hivyo utazima kabla ya Desemba. Wasaidizi wako pia si washauri. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, na anayebeba jina hilo anapaswa kuwa amesajiliwa. Waite wasikilizaji, na uwafundishe kusikiliza kweli: kutokatiza, kutohubiri, kutosema "hata mimi yalinipata", kutoahidi.

Usidhani nawadharau vijana hao. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti wa Shamiri, mpango wa kuwasaidia vijana wenye msongo kwa vikao vya kundi, uliofanywa hapa kwetu Kenya kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliotoka sekondari juzi tu, na vikao vilikuwa vinne, kimoja kwa wiki, kwa makundi. Walizungumza kuhusu kukua na kubadilika, kushukuru, na mambo ambayo mtu anayathamini maishani. Dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mimi nilichokishika kwenye utafiti ule ni kwamba vijana wale walifunzwa, na nyuma yao kulikuwa na wataalamu wa kuwapokea pale jambo linapowazidi. Ukiiga vikao bila kuiga hao wa nyuma, umeiga nusu.

Basi tengeneza kikao cha wasaidizi, siku moja kila wiki, watoto wakishaondoka na kabla vijana wako hawajakimbilia matatu. Chai iwepo, simu ziwekwe kando. Muulize kila mmoja swali moja: ni mtoto gani unaondoka naye kichwani leo? Yule aliyebanwa na kiapo angetoa neno lake hapo siku ya kwanza. Na kikao kisiahirishwe kwa sababu mgeni wa mfadhili amekuja. Kikiahirishwa mara mbili, vijana wataelewa kwamba hakina maana.

Wafundishe pia kutazama. Kuna kijana mmoja kwenye kituo nilichosimamia Kariobangi aliyekuwa akiosha vikombe vya uji jioni, vyote, bila kuombwa. Sisi tukimsifu kwa bidii yake. Kisha mmoja wetu akagundua kwamba wenzake wakianza kufunga mikoba saa kumi na moja na nusu, yeye huosha polepole zaidi, na kikombe alichokwisha kukiosha hukirudisha majini. Hakuulizwa "una shida gani". Aliulizwa, "Leo nyumbani kuna nani?" Akataja mtu mmoja, akanyamaza, akaendelea kuosha. Tulianzia hapo, na ilichukua wiki kadhaa kufika kwa afisa wa watoto, lakini tulifika. Kwa hiyo mtazame anayechelewa kuondoka kuliko anayepiga kelele.

Ukumbi mmoja si kikwazo kama unavyodhani. Weka benchi nje, chini ya dirisha au karibu na lango, mahali ambapo wawili wanaonekana na kila mtu lakini hawasikiki. Hiyo inamlinda mtoto, na inamlinda msaidizi pia dhidi ya maneno ya mtaa. Chumba kilichofungwa mlango, mtu mzima na mtoto peke yao, usikiruhusu hata kama ni mchungaji anayekiomba.

Kumbukumbu ziandikwe kwa maneno ya mtoto mwenyewe, si tafsiri yetu. Akisema "baba mdogo hunijia usiku", andika hivyo hivyo, na tarehe. Daftari likae kwenye droo yenye kufuli. Jina la mtoto lisiingie kamwe kwenye kundi la WhatsApp la kituo, hata kwa herufi za kwanza, kwa sababu mtaani herufi mbili zinatosha. Na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hiyo hili si suala la adabu peke yake.

Mfadhili mwandikie idadi bila majina, na usihesabu kila gumzo la kwenye benchi kuwa ushauri. Halafu, kwenye ripoti hiyo hiyo, omba vitu viwili: malipo ya mwanasaikolojia aliyesajiliwa wa kukaa na ninyi walau mara moja kwa mwezi, na nauli ya kumsindikiza mtoto hospitalini au kwa afisa. Wafadhili wengi hutoa pesa za fulana haraka sana. Wakumbushe kwamba fulana haimfikishi mtoto Mama Lucy.

Shangazi, mwanangu ana miaka kumi na tano. Mwalimu wa klabu yao ya jioni amenipigia akisema mtoto ameandika kwamba hataki kuishi. Baba yake anasema tusimuulize tusije tukamtia wazo hilo kichwani, na kwamba tukienda hospitali atashtakiwa. Nisaidie.
Mama wa Umoja

Dada yangu, muulize. Muulize usiku huu, mkiwa mmekaa karibu, kwa maneno yaliyo wazi: "Je, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtoto wazo, mara nyingi humpa pumzi, kwa sababu hatimaye kuna mtu amelisema. Akijibu ndiyo, usilie mbele yake ukampa kazi ya kukubembeleza, wala usimtajie dhambi. Muulize kama amewaza atafanyaje, na lini. Kama ana jibu la swali hilo, asibaki peke yake hata dakika moja, na mwende hospitali yoyote iliyo wazi usiku huu. Dawa ya panya, vidonge na kamba viondoke nyumbani kabla ya kulala. Simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, hailipiwi na wanaoipokea wamefunzwa.

Mwambie baba yake hivi kwa heshima: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Mtoto wenu ni mgonjwa anayehitaji kutibiwa. Na huyo mwalimu wa klabu aliyesoma, akaogopa, na bado akapiga simu, mshukuruni. Wengi wangeficha lile karatasi.

Shangazi, mimi ni msaidizi wa kujitolea Huruma. Nikilala nasikia sauti za watoto wakinieleza mambo yao. Nikiacha nitaonekana dhaifu?
Msikilizaji

Mdogo wangu, hapana. Umebeba mengi bila wa kukupokea. Kesho mwendee msimamizi wako umweleze kama ulivyonieleza mimi, na umwombe wiki mbili za kucheza mpira na watoto tu, bila benchi. Kama kituo chenu hakina kikao cha wasaidizi, mpe ukurasa huu asome jibu la Kayole. Usingizi usiporudi baada ya hizo wiki mbili, ni haki yako kumwona mshauri kama mtu mwingine yeyote, na kituo kiitafute njia ya kukulipia. Msimamizi akikuambia hakuna nafasi ya kupumzika, ondoka. Watoto utawaaga vizuri, ana kwa ana, uwaambie siku ya mwisho ni lini, ili asiwepo hata mmoja wa kudhani umetoroka kwa sababu ya alichokueleza.