Unataka kazi ya kaunta? Anza na hesabu, mbwembwe baadaye

Msomaji mmoja wa Kondele ameniuliza ni kozi gani itamfundisha kurusha chupa hewani kama wale anaowaona TikTok, ili apate kazi ya kaunta hapa Kisumu. Ndugu yangu, weka hizo chupa chini kwanza. Meneja wa baa, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, hamfukuzi mtu kwa kushindwa kurusha chupa. Anamfukuza kwa shoti.

Shoti ni pengo kati ya kinywaji kilichotoka na pesa zilizoingia, na baa nyingi hulikata kwenye mshahara wako. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: stoki uliyoikuta, jumlisha iliyoletwa, toa iliyobaki. Tuseme umekuta kreti 6 za Tusker, zikaletwa 4, na kila kreti ina chupa 25. Hizo ni 250. Ukifunga zimebaki 92, basi zimeuzwa 158. Kwa shilingi 250 kila chupa, unatakiwa kuwa na 39,500. Ukiwa na 38,500, chupa 4 umezinunua wewe na hukuonja hata moja.

Zinapotelea wapi? Mara nyingi hata si wizi. Chupa imepasuka, ikafagiwa bila kuandikwa. Ihifadhi shingo na kifuniko chake mpaka meneja aione. Kreti imepokelewa kwa kutazamwa juu juu, kumbe chupa moja haijajaa. Mhudumu amebeba mbili akisema "nakuletea sasa hivi" wakati kaunta imefurika. Baa nyingi wahudumu hununua kaunta kwa floti yao (pesa wanazoanzia zamu) kisha wanauza mezani, kwa hivyo pesa kwanza, chupa baadaye, hata kama ni shemeji yako. Usipokee zamu kwa mdomo pia. Hesabuni wawili, muandike, mtie sahihi, hata kama mwenzako anakimbilia matatu. Na chupa tupu zihesabiwe, maana nazo ni pesa.

Kwenye pombe kali, tatizo ni mkono. Mzinga, yaani chupa kubwa, wa mililita 750 hutoa toti (vipimo vya kuuzia) 25 za mililita 30. Ukimimina kwa jicho, toti ikafika mililita 35, unapata 21 tu. Chukua mzinga mtupu, ujaze maji, nunua kipimo cha toti cha chuma, kisha umimine nyumbani mpaka zitoke 25 bila kumwagika. Baa makini hupima chupa iliyofunguliwa kwa mizani: toti moja ya kinywaji cha asilimia 40 ina gramu 28 hivi. Toa uzito wa chupa tupu, gawanya, jibu unalo.

Kegi, yaani bia ya pipa, nayo ina mambo yake. Pipa la lita 50 ni mugi 100 za nusu lita kwenye karatasi, lakini povu hula faida. Povu jingi huja pipa likiwa na joto, likiwa limeviringishwa muda mfupi uliopita, presha ya gesi ikiwa si sawa, mirija ikiwa michafu, au mugi ikiwa na mafuta. Acha pipa litulie mahali pa baridi kabla ya kulifungua. Inamisha mugi, fungua bomba lote. Ukilifungua nusu, hilo povu umelitengeneza mwenyewe. Ukifunga kazi, pitisha maji safi kwenye mirija.

Mteja akilipa kwa M-Pesa, soma ujumbe kwenye simu ya till ya baa, kamwe usisome kwenye simu yake. Chupa uliza "baridi au moto?", kisha uifungue mbele ya macho yake. Watu wanaogopa kuwekewa "mchele", yaani dawa ya kulewesha kwenye kinywaji, na wana haki. Mzinga mpya uskani stempu yake ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA, ujue si feki, kabla haujafika rafuni. Asiyetimiza miaka 18 humuuzii, basi.

Kokteli zitakufaa ukilenga hoteli za Milimani au za ufukweni. Anza na kokteli iitwayo dawa: ndimu nusu iliyokatwa vipande, kijiko cha sukari, ponda kidogo tu (ukiponda sana, ganda hutoa uchungu), vodka mililita 60, barafu, halafu kijiti kilichochovywa asali. Ukiiweza hiyo, mojito haitakusumbua.

Karatasi: cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hudumu miezi 6, na cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, shilingi 1,050, alama za vidole ukachukuliwe Huduma Centre. Kisha nenda baa saa nne asubuhi wakati meneja anahesabu. Ijumaa usiku hakuna atakayekusikiliza. Omba kibarua cha mwisho wa mwezi, hata cha kubeba kreti na kuosha glasi. Walio Nakuru wana bahati ya wiki ya Safari Rally kule Naivasha, mikono ya ziada inapohitajika.

Ukipewa kazi, kabla ya kusema ndiyo, uliza mambo matatu: stoki inahesabiwa saa ngapi, nani anahesabu pamoja na wewe, na ufunguo wa stoo wako na watu wangapi. Wakiwa zaidi ya wawili, tafuta baa nyingine.