Nyoka wa kijani wa Bamburi, na jiwe jeusi kwenye mkoba

SWALI: Kila Jumapili asubuhi mimi na wanangu wawili hutembea Haller Park, mbuga ndogo ya hapa Bamburi, Mombasa. Juzi, kando ya bwawa, tulimwona nyoka wa kijani kichakani, mwembamba, urefu kama mkono wangu. Nitajuaje kama ni hongo, huyu wanayemwita grini mamba? Jirani ameniuzia jiwe la nyoka, lile jeusi la kunyonya sumu, niwe nalo kwenye mkoba. Je, latosha?
Mama wa wawili, Kisauni

JIBU: Huyo, dada yangu, yaelekea sana ni ukukwi. Mwembamba hivyo, mfupi hivyo, tena kando ya maji: alikuwa akiwinda vyura. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Hongo mzima hukaribia mita mbili, kichwa kirefu, jicho dogo, na hupenda kukaa juu mitini, kwenye miembe na mikorosho, akitafuta ndege na panya. Lakini usimsogelee nyoka ili kumpima jicho. Kuna wa tatu, bumslangi, ambaye dume lake mara nyingi huwa kijani na jicho kubwa kama la ukukwi, na sumu yake huharibu kuganda kwa damu. Kwa hivyo yeyote wa kijani mpe hatua tano, waonyeshe watoto, mwacheni aende zake. Mkiwasikia ndege waitwao shore wanapiga kelele wakiuzunguka mti mmoja, simameni mbali mtazame matawini. Mara nyingi kuna nyoka au bundi hapo.

Wala msiache kutembea. Pale palikuwa machimbo matupu ya mawe ya saruji, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, kisha akaleta jongoo wayasage majani makavu yawe udongo. Udongo ukaleta wadudu, wadudu wakaleta vyura na mijusi. Ukukwi wenu ni dalili kwamba kazi ile ilifaulu.

Sasa hilo jiwe. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza habari zake, na kila mara roho huniuma.

Si jiwe. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa kikawa cheusi. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vidogo, ndiyo maana ukiuweka penye damu hunata, kama ulimi unavyonata kwenye chungu kikavu. Ukishalowa huanguka, na muuzaji hukwambia limeshiba sumu. Limeshiba damu. Sumu haikai juu ya ngozi ikingoja kunyonywa. Meno ya nyoka huipenyeza ndani ya nyama, nayo huanza kusambaa papo hapo. Watafiti walilijaribu kwa panya waliotiwa sumu ya kifutu na ya swila. Halikuwafaa kitu.

Mbona basi watu huapa kwamba limewaponya? Kwa sababu wengi wao waliumwa na ukukwi na wenziwe wasio na sumu, na hata nyoka mwenye sumu mara nyingine huuma asiitoe. Hao wangepona bila chochote. Aliyeingiwa na sumu kweli hayuko sokoni kulisifu jiwe. Namkumbuka kijana aliyeumwa na kifutu mguuni. Mganga akamfunga kamba chini ya goti, akamwekea jiwe, akamwambia alale. Alifikishwa hospitali siku ya pili. Mguu ulikatwa.

Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na kuchelewa kufika hospitali ni sababu kubwa ya vifo vya walioumwa. Jiwe ndilo linalochelewesha. Vivyo hivyo kuchanja kwa wembe, kunyonya kwa mdomo, kumwagia mafuta ya taa na kufunga kamba.

Mtu akiumwa, mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Mtulize, asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikisike. Tafuta gari mara moja, Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali kubwa iliyo karibu zaidi, na njiani mwangalie anavyopumua, kwani sumu ya hongo yaweza kumlegeza mpaka pumzi ikakatika. Dawa ya kuzuia sumu hutolewa na daktari, kwenye mshipa. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kama ushahidi, wala usimshike hata akiwa amekufa: kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma. Mwambie daktari saa aliyoumwa na dalili zilizofuata, moja baada ya nyingine.