Matusi uwanjani: kuna yanayomtoka mtu na kuna anayompelekea mtu

Mkuu, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia. Ulikwenda mpirani na binti yako wa miaka 9, jamaa wa kiti cha nyuma akaporomosha matusi ya nguoni tangu filimbi ya kwanza, ulipomwomba apunguze akakujibu kwamba pale si nyumba ya ibada, kama hutaki kusikia kaangalie kwenye runinga. Unauliza kama ulikosea kumwambia, na kama umpeleke tena mtoto. Nusu ya wadau wanasema jamaa yuko sahihi, nusu wanataka watu wa aina yake wafungiwe maisha. Mimi wote nawaona wamelishika jambo upande usio wake.

Nimekaa jukwaani kama shabiki zaidi ya miaka 20. Katikati hapo, kwa misimu 6, nilikuwa mshika kibendera kwenye ligi za chini. Kwa hiyo matusi nimeyatoa na nimeyapokea, na kuyapokea ndiko kulikonifundisha.

Mshika kibendera huwapa watu mgongo. Kwenye viwanja vidogo hakuna uzio wa maana. Shabiki wa mbele yuko hatua tatu kutoka kisogoni kwako, unasikia hadi anavyovuta pumzi kabla hajakutukana. Wiki za kwanza nilirudi nyumbani kichwa kimevurugika. Baadaye masikio yakaota sugu. Kuna mzee mmoja alinishughulikia karibu kipindi kizima kwa sababu ya bao nililolikataa kwa kuotea. Alianza na macho yangu, akahamia kwa aliyenifundisha kazi, akapanda kwa wazazi, akamalizia na kibendera chenyewe. Wakati wa mapumziko, nikipita kwenda vyumbani, akainama juu ya reli akaninong'oneza: "Kijana, ila kweli alikuwa ameotea." Kipindi cha pili akaendelea alipoishia. Yule mzee sikuwahi kumchukia hata siku moja.

Ninayemkumbuka vibaya hakutukana. Alisimama usawa wa boksi la kumi na nane, shati limenyooka, sauti ya mtu anayepiga soga. Kila nilipopita mbele yake alilitaja jina la mwanangu. Jina tu. Mara ya tatu akaongeza, "Anarudi na nani siku hizi kutoka shule?" Mpira uliofuata ulitoka nje mbele ya miguu yangu na sikujua kibendera nikielekeze upande gani. Baada ya mechi nililiandika kwenye ripoti. Nikaulizwa alitumia tusi gani. Nikasema hakutumia tusi. Likaishia hapo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia tatizo la viwanjani ni matusi, namuuliza kwanza: matusi gani, na yanakwenda kwa nani? Kuna tusi linalomtoka mtu na kuna tusi analompelekea mtu. Penati imepaa juu ya mtambaa panya, uwanja mzima umeshika vichwa, jirani yako anatamka neno lisiloandikika hapa. Hilo halina anwani. Ni kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu kwenye kitanda. Ukitaka uwanja usio na hilo, utabaki na viti. (Wachezaji hawana ruhusa hiyo. Kwa mujibu wa kanuni ya 12 ya mchezo, lugha ya matusi au ya kudhalilisha ni kadi nyekundu, na Wayne Rooney, mshambuliaji wa Manchester United wakati huo, alifungiwa mechi 2 mwaka 2011 kwa kuitukania kamera baada ya kufunga mabao matatu. Kamera! Sisi wa jukwaani refa hana kadi ya kutuonyesha.)

Kuzomea nako si kutukana, na hapa natofautiana na wastaarabu wa uzi huu. Anayejirusha azomewe. Kocha anayetoa mshambuliaji akaingiza beki dakika ya 60 huku timu iko nyuma, aambiwe kwa sauti kubwa. Timu pinzani inayochungulia kushuka daraja iimbiwe safari njema. Utani huo ukiondoka, mimi nitabaki nyumbani na matokeo nitayasoma kesho yake.

Kilicho nje ya mstari ni kumshika mtu kwa kitu ambacho hakukileta uwanjani kama mchezaji: rangi yake, kabila lake, dini yake, maradhi yake, watoto wake, wafu wake. Kuna mashabiki Uingereza wanaowaimbia wenzao kejeli za ajali ya ndege ya Munich ya 1958, iliyobeba timu ya Manchester United na kuua watu 23, au za msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, ambako mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha. Nyimbo za namna hiyo unaweza kuzipekua mstari kwa mstari usipate tusi hata moja, na bado mimi ningemtoa nje mwimbaji kabla ya yule mzee wangu wa kwenye reli.

Sheria zenyewe zilichukua muda kuliona hili. Uingereza walipotunga sheria ya makosa ya mpira mwaka 1991, nyimbo za kibaguzi zilikatazwa, lakini "kuimba" kulimaanisha kuimba pamoja na mwingine. Mtu aliyesimama peke yake akamtukana mchezaji kwa rangi yake dakika 90 alipenya kwenye tundu hilo, mpaka liliposhonwa mwaka 1999. Hispania ilibidi kusubiri hadi Juni 2024 ndipo mahakama ikawatia hatiani watu 3 kwa matusi ya kibaguzi waliyomtupia Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid wakati huo, kwenye uwanja wa Valencia mwaka mmoja kabla: kifungo cha miezi 8 na marufuku ya viwanja kwa miaka 2.

Na refa, ingawa hana kadi ya shabiki, ana saa na ana filimbi. Kwa ubaguzi kuna utaratibu wa hatua tatu: kwanza anasimamisha mchezo na tangazo linasomwa, kukiendelea anazipeleka timu vyumbani kwa muda, kukishindikana kabisa anavunja mechi. Tarehe 14 Oktoba 2019 mjini Sofia, mechi ya Bulgaria na Uingereza ilisimama mara mbili kipindi cha kwanza kwa sababu hiyo. Ikamalizika 6-0 kwa Uingereza, kisha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaiamuru Bulgaria icheze bila mashabiki. Wapiga kelele walikuwa sehemu ya jukwaa, waliofungiwa mlango ni wote. Hivyo ndivyo adhabu za mpira zilivyo: mdomo wako, bili ya klabu.

Sasa turudi kwa jamaa yako. Kwamba uwanja si nyumba ya ibada, hapo yuko sahihi. Ila anasahau kitu ambacho mimi nilikigundua nilipoacha kibendera na kurudi jukwaani. Siku moja, kwenye uwanja mkubwa, nilikuwa nambwatukia beki wetu wa kushoto. Kila mpira ukimfika, namtajia ukoo. Rafiki yangu niliyekaa naye, mtu mpole, akavumilia kama nusu saa hivi, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Huyo unayemwambia anakusikia?" Nikatazama. Beki yuko mita 70, katika kelele za maelfu. Hasikii chochote. "Basi unaniambia mimi," akasema, akaendelea kutazama mpira.

Kule kwenye viwanja vyetu vidogo, tusi linamfika aliyelengwa. Kwenye uwanja mkubwa halifiki popote zaidi ya mistari mitatu ya viti. Jamaa yako alidhani anamtukana mshambuliaji. Aliyepokea mzigo wote ni binti yako, ambaye hakukosa goli lolote. Tena kiti ni cha namba, mtoto hawezi kuhama. Kiingilio cha jamaa kilinunua kiti kimoja, hakikununua masikio ya walio mbele yake. Kwa hiyo hukukosea kumwambia.

Labda ulikosea wakati. Usimwambie mtu mara tu timu yake imefungwa. Hapo hata salamu ni uchokozi. Subiri mpira wa kurusha, mchezaji anatibiwa, au mapumziko. Anza na mpira wenyewe, mwambie hata wewe yule mshambuliaji amekuchosha, halafu omba kitu kidogo. Usimwambie asitukane kabisa, hatoweza, na mwenyewe anajua hatoweza. Mwambie, "Kaka, mama wa mchezaji tumwache, nina mtoto hapa." Mimi nimefanya hivyo mara tatu. Mara mbili niliombwa radhi, na mmoja wao alimnunulia mwanangu soda. Mara ya tatu nilimwagiwa kinywaji mgongoni, kwa hiyo sikuuzii dawa ya uhakika hapa.

Ukimwona amelewa, au amehamia kwenye rangi na dini za watu, usijibizane naye wala usimtolee simu kumrekodi usoni. Nenda kwa wasimamizi wa jukwaa na uwape namba ya mstari na ya kiti. Ukisema tu "kuna mtu kule anatukana" watatazama watu elfu moja wanaofanana. Ukisema mstari wa 14 kiti cha 22, wanajua pa kusimama, na mara nyingi kusimama kwao tu pembeni kunatosha.

Na ndiyo, mpeleke tena. Kata tiketi za jukwaa la familia kama uwanja unalo, au za pembeni, mbali na nyuma ya goli wanapokaa waimbaji. Maneno mengine atayasikia tu, na atayauliza. Wa kwangu aliuliza maana ya neno fulani tukiwa bado kwenye msongamano wa kutoka, kwa sauti iliyosikika na kila mtu kwenye ngazi, na aliyelitamka uwanjani alikuwa ametutangulia ngazi mbili tu. Aligeuka, akaona kimo cha anayeuliza, akaongeza mwendo.