Paka wa kifafa anakunywa maji mno: usikatishe fenobabitoni kabla ya kupima mkojo na damu

Pole sana ndugu. Umesema paka wako ana miaka 11, anatumia fenobabitoni (dawa ya kuzuia kifafa), siku hizi habanduki kwenye bakuli la maji, mchanga wake wa kujisaidia unalowa chapachapa, na unataka kumwachisha dawa kwa kuwa umesikia inaua figo. Nakusihi, usimwachishe leo. Nimemuuguza paka mwenye kifafa miaka mingi, na uzeeni figo zake zikaja kuchoka kweli, kwa hiyo hali zote mbili nazijua.

Kiu na mkojo mwingi ni madhara ya kawaida ya fenobabitoni hata kama figo ni nzima. Dawa hiyo inaongeza na njaa, ndiyo maana paka wengi wanaoitumia wananenepa. Wa figo naye anakunywa sana, ila chakula anakinusa na kuondoka, anatapika mara kwa mara, na ukimpapasa mgongoni unahisi mifupa. Mimi nilikuwa napanda mzani nimembeba, halafu napanda peke yangu na kutoa tofauti. Miaka ya mwanzo uzito ulipanda. Baadaye ulianza kushuka huku kiu ikiwa ileile, na hapo nikajua kuna jambo jipya. Hata hivyo mzani hautoshi: kisukari na tezi ya shingo iliyozidisha kazi vinaweza kumfanya paka mzee anywe sana, ale sana na bado akonde.

Kwa hiyo mwombe daktari wa mifugo apime damu na mkojo kwa pamoja, siku moja. Kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huichuja kwenye damu, peke yake inachelewa kusema, kwani kwa kawaida haipandi mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo iwe imeshapotea, na kwa paka aliyekonda misuli inaweza kuonekana nzuri wakati hali ni mbaya. Kipimo kingine cha damu cha figo, SDMA, kinawahi zaidi. Kwenye mkojo wanaangalia uzito wake ukilinganishwa na maji, na figo nzima za paka mara nyingi huukoleza kupita 1.035. Hapa pana mtego: fenobabitoni yenyewe inaweza kuufanya mkojo uwe mwepesi, basi mkojo mwepesi wenye kreatinini na SDMA nzuri usikutie hofu ya haraka. Kumbusha pia wapime protini ya mkojo na presha. Presha watu wengi wanaisahau, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu figo mbovu hupandisha presha, na presha kali inaweza kumpofusha paka ghafla au kumletea degedege. Utadhani kifafa kimezidi, kumbe chanzo ni figo.

Fenobabitoni kwa sehemu kubwa inavunjwa na ini, ndiyo maana kila uchunguzi wanapima na ini. Kiwango chake kwenye damu kinapimwa kama wiki mbili baada ya kuanza au kubadilisha dozi, na kwa paka wengi hulenga mikrogramu 15 hadi 45 kwa mililita.

Panapotaka uangalifu kwa paka wa figo ni dawa nyingine za kifafa, levetirasetamu na gabapentini. Hizo si kwamba zinaharibu figo. Zinatoka mwilini kwa njia ya figo, na figo zikilegea dawa inarundikana. Wangu alikuwa ameongezewa levetirasetamu, na figo ziliposhuka nikaanza kumwona anayumba nyuma, miguu ya nyuma inapishana akigeuka, analala na kuamka kama amelewa. Ukiangalia haraka ungesema ni ugonjwa wa ubongo. Daktari alipunguza dozi kulingana na majibu ya figo, na baada ya siku chache akarudi kuruka kitandani. Ukiona kuyumba kwa namna hiyo, mpigie daktari siku hiyohiyo kabla ya dozi inayofuata.

Kuhusu kuacha fenobabitoni: mwili wa paka unaizoea, na ukiikata ghafla anaweza kupata degedege mfululizo zisizokoma, ambazo zinaua. Hata ikilazimika kuondolewa, inapunguzwa polepole kwa ratiba ya daktari, mara nyingi huku nyingine ikianzishwa. Na usiibadilishe mwenyewe kwa vidonge vya diazepamu vya binadamu, maana vikimezwa vinaweza kuliangamiza ini la paka.

Kwa sasa mwachie maji tele, usimpunguzie hata kidogo. Asubuhi jaza bakuli kwa kikombe chenye vipimo, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Paka akinywa zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hiyo imepita kiasi. Andika namba hizo pamoja na uzito, dozi na saa unazompa, umpelekee daktari karatasi hiyo. Majibu yakitoka yaweke hapa tuyasome pamoja, hasa kreatinini, SDMA na ule uzito wa mkojo.