Mbegu za waridi linalotambaa, mbona hazioti?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Raskazone, Tanga. Nina waridi fupi la pinki linalotandaa chini. Aliyeniuzia alisema ni Flower Carpet. Lilitoa vitunda, nikapanda mbegu zote. Ukaota mche mmoja tu, na maua yake hayafanani na ya mama. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Ulichokosa ni baridi. Mbegu za waridi zimezoea kupita kipindi cha baridi kabla ya kuamka, na Tanga haina hiyo baridi. Safari ijayo zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke kwenye friji (si kwenye friza) kwa wiki 6 hadi 12, ndipo uzisie.

Lakini hata zikiota zote, hutapata waridi lile lile, maana hilo ni chotara. Kama muuzaji hakukosea jina, ni kazi ya Mjerumani Werner Noack, mzalishaji wa aina mpya za waridi, aliyechavusha waridi 'Immensee' kwa waridi jingine, 'Amanda'. Kwao Ujerumani linaitwa 'Heidetraum', na lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Tabia ya kulala chini imepitia kwa 'Immensee', ambalo ukoo wake unafika kwa Rosa wichurana, waridi mwitu la Asia Mashariki lenye majani ya kung'aa. Kila mbegu huchanganya upya urithi huo wote: mmoja atatambaa, mwingine atasimama, wa tatu atashikwa na ukungu. Mzalishaji huotesha miche mingi mno, akaitupa karibu yote. Noack alikuwa anatafuta hasa inayohimili magonjwa.

Ukitaka waridi lako lile lile, tumia vipandikizi. Kata tawi lililomaliza kuchanua, sentimita 12 hadi 15, lenye macho matatu au manne. Bakiza jani la juu tu. Chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, uweke kivulini. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Tafuta wa mto. Mizizi huja baada ya wiki 4 hadi 8. Kwa bustani ya nyumbani inatosha, ila ukitaka kuuza miche, ulizia kwanza haki za mzalishaji: sheria tuliyo nayo ya kuwalinda wagunduzi wa aina mpya za mimea ni ya mwaka 2012.

Huo mche mmoja usiung'oe. Mimi ningeuacha upite masika nzima bila dawa. Ugonjwa wa madoa meusi huingia jani likikaa limelowa kwa saa saba hivi, na masika ya Tanga hayana ubahili wa mvua. Ukifika Juni ungali na majani ya kutosha, ujue unahimili ugonjwa huo; ukate vipandikizi hata kama hufurahii rangi yake.